Mwana Kupona Afike Ngonga
Natamani wasichana wa Ngonga, wanaopita kando ya mashamba ya kakao na mpunga wakitoka shule, wamsome Mwana Kupona binti Msham wa Pate. Alitunga utendi wake mnamo 1858, akiwa mgonjwa, kumwusia bintiye Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alimpinga Sultani Seyyid Said wa Zanzibar kwa silaha. Wengi humtaja kwa beti za utiifu wa mke tu, na hilo linaniuma, kwani utendi huo pia ni sala ya mama mgonjwa sana, anayewaombea wanawe na jamaa zake, kwa vina na mizani ya mwanamke msomi.