Mwili Nao Husema

Wazee wa zamani walipotaka kumweleza mtu mwenye huzuni hawakuhitaji maneno mengi. Walisema tu kwamba "ameshika tama", na kila aliyesikia alijua kuwa mtu huyo ameketi, shavu amelilaza kiganjani, na mawazo yamemlemea. Kadhalika mwenye majuto husemwa kwamba anauma kidole, na mwenye hasira kwamba amekunja uso. Basi lugha yetu yenyewe yakiri kwamba mwili husema kabla ulimi haujanena.

Na twende Homa Bay na Migori tukatazame. Mwanamke akionekana njiani anakwenda mbio, mikono yake miwili i juu ya kichwa, hakuna haja ya kumwuliza kuna nini: msiba umeingia. Ndiyo sababu mtoto anayeweka mikono kichwani hali akicheza hukemewa na wazazi, asije akajiitia kilio. Wanaume wa Kijaluo nao, katika desturi iitwayo tero buru, huswaga ng'ombe na kukimbia kwa kelele, silaha mikononi, ili kukifukuza kifo. Mgeni angedhani ni vita au ni ngoma. Kumbe ni huzuni.

Bwana Charles Darwin, mtaalamu wa Uingereza, alilichunguza jambo hili. Mwaka 1867 alipeleka maswali kwa watu waliokaa katika nchi mbalimbali, na mwaka 1872 akatoa kitabu. Aliona kwamba hofu, furaha na hasira huonekana usoni kwa namna moja karibu kwa watu wote wa dunia. Lakini aliona pia kwamba ishara nyingine, kama vile kutikisa kichwa kwa kukubali au kukataa, hazifanani kila mahali. Hizo mtu hufundishwa na watu wake, kama anavyofundishwa lugha.

Na hapa ndipo penye hatari. Katika soko la Isebania, mpakani mwa Tanzania, Wakuria, Wajaluo na Wakisii hukutana kila siku, na wasipoelewana kwa maneno hutazamana nyuso. Ishara ya heshima kwa mmoja yaweza kuwa ishara ya hila kwa mwingine.

Mfano mkubwa ni macho. Kijana aliyelelewa vyema katika nchi hizi hamkodolei macho mzee. Huinamisha uso, na akipeana naye mkono hushika mkono wake wa kuume kwa ule wa kushoto. Sasa mpeleke kijana huyo mbele ya mkubwa wa kazi aliyesoma kwamba mtu mkweli humtazama mwenzake machoni. Ataulizwa, atajibu kwa sauti ndogo huku akitazama sakafu, na mkubwa ataandika moyoni: "Huyu ana jambo analoficha." Kazi imempotea kwa sababu ya adabu yake. Hata shahidi mbele ya hakimu aweza kuumizwa hivyo hivyo.

Kwa hiyo yatupasa kushika mambo mawili. Kwanza, tusimhukumu mtu kwa ishara moja. Tutazame uso, mikono, sauti na mahali alipo, kisha tumwulize kwa upole. Mama anayenyamaza hospitalini akiwa na mtoto mgonjwa huenda si mzembe. Huenda hofu imemfunga kinywa.

Pili, tuuchunge mwili wetu wenyewe. Karani anayejibu watu bila kuinua uso kutoka katika karatasi zake huenda akasema "karibu", lakini shingo yake inasema "ondoka", na mkulima aliyetembea tangu alfajiri ataisadiki shingo. Vivyo hivyo baba anayefyonya mtoto wake anaposoma kwa kusitasita amekwisha kumfundisha kuogopa kitabu, ingawa hakutamka neno.

Neno baya laweza kuombewa radhi, maana kila mtu amelisikia. Lakini mdomo uliobetuliwa na bega lililogeuzwa hukanushwa kwa urahisi, na aliyeumizwa hubaki na uchungu wake asiweze kuushitaki. Basi tujifunze kuusoma mwili wa mwenzetu kwa subira, na wa kwetu kwa ukali.