Kasi ya Bodi ya Zamani

Nilipopita Kikopey, pale wasafiri wa barabara ya Nakuru washukapo kula nyama choma, nilimkuta mpwa wangu ameghadhibika. Fundi alimbadilishia madabodi ya kompyuta anayowekea hesabu za bucha. Tangu siku hiyo ikawa yazima ghafla. "Mjomba, nimeuziwa bodi mbovu," akasema, na fundi alikwisha kumtolea maneno makali.

Nikauliza kama prosesa iliwahi kuongezwa kasi. Mwanawe akakiri: aliipandisha kupita kiwango cha mtengenezaji kwa ajili ya michezo, na kwenye bodi mpya akaandika namba zilezile.

Kumbe kila bodi huilisha prosesa umeme kwa namna yake. Volti iliyotosha kule yaweza isitoshe huku. Na prosesa isiyotulia haizimi tu, huweza kuharibu hesabu kimyakimya. Tukanakili kumbukumbu zake kwanza, tukarudisha mipangilio ya kiwandani katika BIOS, tukapima joto, kisha tukaipa kazi nzito usiku kucha. Haikuzima. Lau ingezima, hapo ndipo tungeishuku bodi, memori au pawa saplai.

Atakaye kasi na apandishe kidogo kidogo, akijaribu kila hatua, wala si katika kompyuta yenye riziki ya nyumba.

Asubuhi mpwa wangu akampigia fundi simu, kumtaka radhi.