Tumdai Mbunge Kazi, Tusimdai Sadaka

Kuna swali moja linaloulizwa katika kila eneo bunge la nchi hii, sokoni, matangani na uani mwa kanisa baada ya ibada. Swali lenyewe ni hili: "Huyu mbunge wetu ametuletea nini?" Lina sura ya uwajibikaji, ndiyo maana limewapumbaza wengi. Sisi twashikilia kwamba ndilo swali linalowapendeza wabunge wazembe kuliko maswali yote, kwa kuwa jibu lake ni jepesi. Aulizwaye ameleta nini hufungua mkoba, akatoa mabati 20, viti vya plastiki, na hundi ya basari iliyochapwa kwa herufi kubwa ili ionekane vyema pichani. Kisha huketi, akashangiliwa. Hakuna amwulizaye alikuwa wapi siku Bunge lilipopitisha kodi iliyopandisha bei ya mabati yale yale.

Kazi ya mbunge si siri. Imeandikwa katika Kifungu cha 95 cha Katiba ya 2010, nayo yasomeka kwa dakika tatu. Bunge la Kitaifa huwakilisha watu wa maeneo bunge, hujadili mambo yanayowagusa, hutunga sheria, huidhinisha matumizi ya fedha za taifa na kuyasimamia, tena huchunguza mwenendo wa Rais na maofisa wengine wa dola, na laweza kuanzisha hatua za kuwaondoa. Hapana mstari hata mmoja unaosema mbunge anunue sufuria za kikundi cha akina mama au asafirishe maiti kutoka Nairobi. Hatusemi kwamba kumfariji mfiwa ni vibaya. Jirani yeyote mwema hufanya hivyo, naye halipwi mshahara wa ubunge kwa kufanya hivyo.

Yafaa tukumbuke jinsi mambo yalivyofika hapa, maana vijana wengi wa leo hawakuyaona. Mwaka 1982 Katiba ya zamani ilibadilishwa, nchi ikafanywa ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka 1988 wapiga kura walipangwa foleni nyuma ya picha za wagombea, kura ile ya mlolongo, na katika sehemu nyingi mwenye foleni fupi akatangazwa mshindi mchana kweupe. Maaskofu Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari, pamoja na Kasisi Timothy Njoya, walisema waziwazi kwamba huo haukuwa uchaguzi. Bunge lililozaliwa kwa njia hiyo halingeweza kumhoji mtu. Mbunge aliyeuliza neno gumu aliweza kufukuzwa chamani, na aliyefukuzwa chamani alipoteza kiti. Kipimo gani basi kilibaki cha kumpimia? Kilibaki kimoja tu: alitoa kiasi gani katika harambee. Ubingwa wa kutoa ulichukua nafasi ya ubingwa wa kusema, na chifu akapita nyumba kwa nyumba akikusanya fedha ambazo mkubwa angekuja kuzitangaza kana kwamba zilitoka mfukoni mwake.

Desemba 1991 kifungu kile cha chama kimoja kikafutwa, na tarehe 29 Desemba 1992 nchi ikapiga kura ya vyama vingi. Lakini hata kabla ya Bunge lile kumaliza muda wake, wabunge kadhaa waliochaguliwa kwa tiketi za upinzani walikuwa wamehamia chama tawala cha KANU. Wapiga kura waliokuwa wamesimama juani kutwa nzima ili kukiondoa chama hicho walijikuta wanadaiwa kuwa wafuasi wake. Hapo ilidhihirika kwamba vyama vingi pekee havimfungi mbunge kwa waliomchagua. Kinachomfunga ni macho ya watu wake kati ya uchaguzi na uchaguzi, na macho hayo yamekuwa yakitazama mkoba.

Kisha mwaka 2003 ikaja Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge, CDF. Sheria yake ilitenga si chini ya asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya Serikali, na ikampa mbunge uwezo wa kuunda kamati ya kuzitumia fedha hizo katika eneo lake. Hatukani mema yake. Yapo madarasa, zahanati na visima ambavyo Serikali kuu isingevifikia kwa miaka mingi. Hata hivyo hazina ile ilimpa mtu mmoja kalamu ya kuidhinisha bajeti, mkono wa kuitumia na jicho la kuikagua. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba Sheria ya CDF ya mwaka 2013 ilikiuka Katiba kwa kuvuruga mgawanyo wa mamlaka. Kwa lugha ya nyumbani, mpishi hawezi kuwa pia ndiye mwenye kuonja na kusema chakula ni kitamu. Ubaya mwingine wa hazina ile hauonekani katika hukumu: iliwafanya watu wamshukuru mbunge kwa fedha zao wenyewe. Jina lake likachorwa ukutani mwa darasa lililojengwa kwa kodi ya muuza mboga, na muuza mboga akapiga makofi.

Hapa twajua tutapingwa, na pingamizi ni la haki. Mama ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo hawezi kula kumbukumbu za mijadala ya Bunge. Akipata basari ya shilingi elfu chache leo, mtoto hurudi darasani kesho. Akingoja Bunge lisimamie vizuri bajeti ya elimu, mtoto atazeeka nyumbani. Ni kweli. Lakini tazameni jinsi kamba hii ilivyosokotwa. Basari hutolewa na kamati, na kamati ina rafiki zake. Mama yule amejifunza, bila kufundishwa na mtu, kwamba asimame vipi barazani, avae fulana ya rangi gani, na anyamaze juu ya nini. Akiuliza kwa nini zahanati haina dawa, hana hakika jina la mwanawe litakuwamo katika orodha ya muhula ujao. Huenda hakuna mtu atakayemwadhibu kabisa, lakini hofu hufanya kazi hata pasipo adhabu. Hivyo masikini hulipa karo mara mbili: kwanza kwa kodi yake, halafu kwa ulimi wake. Ndiyo sababu tunasema basari igawanywe kwa kanuni zilizobandikwa hadharani, majina na viwango, na isiitwe zawadi ya mtu yeyote.

Mwezi Juni 2024 nchi iliona jambo ambalo wazee wetu wa harakati waliliombea tangu zama za mlolongo. Vijana waliuliza swali jingine. Hawakuuliza mbunge ameleta nini. Waliuliza amepiga kura gani. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipofika Bungeni, waliusoma, wakautafsiri kwa lugha za mama, wakaeneza majina ya waliosema ndiyo. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliuunga mkono na 106 wakaupinga. Alasiri hiyo waandamanaji waliingia majengo ya Bunge, na vijana wakapigwa risasi wakafa. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Wale 195 walibaki wamesimama peke yao, wamepigia kura mswada ambao hata aliyewatuma ameuacha. Sisi hatusahau damu ile, wala hatukubali kwamba lazima mtoto wa mtu afe ndipo mbunge asome mswada kabla ya kuupitisha. Kama watu wangekuwa na mazoea ya kumwuliza mbunge kuhusu kura zake kila mwezi, katika ukumbi wa parokia, akiwa ameketi nao kwenye benchi, je, angethubutu kumsikiliza kiranja wa chama peke yake?

Hapo ndipo makanisa yanapoingia, nasi twasema haya kwa upendo. Kwa miaka mingi mimbari imekuwa jukwaa la bei nafuu kuliko yote nchini. Mwanasiasa hufika baada ya mahubiri, hupewa kiti cha mbele, hutoa bahasha, hushika kipaza sauti na kuwatukana wapinzani wake mbele ya msalaba. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia ibadani. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliukataa mchango ambao Rais alikuwa ametoa katika parokia moja ya Soweto. Ulikuwa uamuzi mgumu, hasa kwa Wakristo wa parokia yenyewe ambao walihitaji jengo. Tunaupongeza. Kanisa linalopokea bahasha bila kuuliza chimbuko lake halina kinywa cha kuuliza lolote baadaye. Wanaoijua Biblia wanamkumbuka Samweli: alipozeeka alisimama mbele ya taifa zima, akawataka watu waseme wazi kama aliwahi kumnyang'anya mtu ng'ombe au punda, au kupokea rushwa. Hakungoja kuitwa, wala hakuwaandalia pilau kwanza.

Wengine huuliza: mbona Katiba imetupa haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muda wake? Imetupa, Kifungu cha 104. Lakini Katiba ililiachia Bunge kutunga sheria ya kuitekeleza, na hapo nyani akapelekewa kesi ya ngedere. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 iliweka vizingiti vya kushangaza: mbunge asiguswe katika miezi 24 ya kwanza wala katika miezi 12 ya mwisho, na wanaomtaka aondoke wakusanye sahihi za asilimia 30 ya wapiga kura walioandikishwa. Katika eneo lenye wapiga kura 80,000 hizo ni sahihi 24,000, na wengi wa washindi wetu huingia Bungeni kwa kura chache zaidi ya hizo! Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilivifuta vipengele vikuu vya utaratibu huo kwa kukiuka Katiba. Tangu Katiba izinduliwe, hakuna mbunge hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hiyo. Na tusidhani Bunge huogopa hata Katiba yenyewe: Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje kwa kushindwa kutunga sheria ya usawa wa jinsia, nalo likaendelea kukaa hadi muda wake ukaisha mwaka 2022.

Kwa hiyo tusiketi tukingoja fimbo moja kubwa. Zipo fimbo ndogo ambazo hazihitaji ruhusa ya mtu. Kifungu cha 103 chasema mbunge hupoteza kiti akikosa vikao vinane katika kipindi kimoja bila idhini ya maandishi ya Spika. Ni nani katika eneo lenu anayehesabu? Kifungu cha 119 champa kila mtu haki ya kuliandikia Bunge ombi. Kifungu cha 229 chamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akamilishe ripoti zake ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia tarehe 31 Desemba, na Bunge lizijadili na kuchukua hatua ndani ya miezi mitatu baada ya kuzipokea. Mara ngapi umesikia mbunge akiulizwa mwezi Aprili kama ripoti hiyo imejadiliwa? Ni swali lisilo na matusi ndani yake, wala halihitaji maandamano, na kwa mbunge asiyefanya kazi ni chungu kuliko shubiri.

Tunapendekeza kamati za haki na amani, vikundi vya vijana na vyama vya akina mama waanze na barua moja. Waandikie afisi ya hazina ya eneo bunge, kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, wakiomba orodha ya waliopata basari muhula uliopita, kiasi alichopata kila mmoja, na kanuni zilizotumika kuwachagua. Barua ipelekwe na watu watatu au wanne, si mmoja, ili asipatikane wa kutishwa peke yake. Wadai nakala igongwe muhuri wa kupokewa. Sheria yatoa siku 21 za kujibu, na wasiporidhika wapeleke malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, iliyokabidhiwa jukumu la kuisimamia sheria hiyo. Nakala yenye muhuri ibandikwe kwenye ubao wa kanisa, kando ya matangazo ya ndoa. Tangazo la ndoa husomwa Jumapili tatu mfululizo, na siku 21 nazo ni majuma matatu. Jibu likifika, libandikwe hapo hapo. Lisipofika, ubao uandikwe hivyo, pamoja na tarehe.