Musidanganye watoto wetu na sataranji



Leo nasema juu ya uongo wenye kuvaa nguo nzuri. Nimeuona zaidi ya mara moja pale familia za wakimbizi zinakaa. Gari inafika, wageni wanatoa mbao tatu za sataranji, ule muchezo wenye wengi kwetu wanaita échecs. Mutoto mumoja anashinda mutu mukubwa, watu wanapiga makofi, foto zinapigwa, na mugeni anasema mbele ya mama yake: "Huyu atakuwa grand maître!" Jioni gari inarudi. Kisha juma mbili kete zimepotea, na hakuna mwenye alirudi kuuliza.

Mimi nasema: ule si musaada. Kumuambia mutoto jina la mahali pa kufika bila kumuonyesha njia ni kumuchezea.

Na njia iko, imeandikwa. Cheo cha bingwa mukuu kinatolewa na FIDE, shirikisho la sataranji la dunia. Muchezaji anapashwa kufikia alama 2500. Tena anapashwa kucheza kwa kiwango cha 2600 katika mashindano makubwa, kwa kawaida mara tatu, jumla mechi 27 ao zaidi, mbele ya wapinzani wa inchi zingine na mabingwa wakuu kati yao. Tangu Machi 2024 orodha ya alama inaanzia 1400. Kuingia kwenye orodha, mutoto anapashwa kwanza kucheza mechi 5 na watu wenye tayari wako na alama. Sasa ninyi wenye kupiga foto, mulishamuletea hata mumoja wa watu hao?

Mutaniambia: angalia Phiona Mutesi wa Katwe, kule Kampala, hata filamu ilitengenezwa juu yake mwaka wa 2016. Ndiyo, ninamuheshimu sana. Lakini cheo chenye alipata Istanbul mwaka wa 2012 ni cha ngazi ya chini, si cha bingwa mukuu. Sataranji ilimufungulia masomo ya chuo kikuu Marekani, na hilo si jambo dogo. Basi museme ukweli huo, musiongeze chumvi.

Mumuangalie pia Kenny Solomon, wa Mitchells Plain, Cape Town. Alijifunza sataranji akiwa na miaka kama 13. Cheo alikipata baada ya kushinda mashindano ya Afrika mwaka wa 2014, akiwa na miaka 35. Zaidi ya miaka 20 ya kazi! Amon Simutowe wa Zambia alimalizia masharti yake Uholanzi mwaka wa 2007. Akili ilitoka Afrika, lakini ilipashwa kupata pasiporti, tiketi na wapinzani wa nguvu.

Kwa hiyo, mwenye anataka kweli kusaidia aanze na vitu hivi.

Kwanza, daftari na kalamu. Ubao uko na nyumba 64, na kila nyumba iko na jina: herufi a mupaka h, namba 1 mupaka 8. Mutoto mwenye anajua kuandika e4 anaweza kuweka mechi nzima kwenye ukurasa mumoja. Kesho anaifungua, anatafuta pale alikosea, yeye mwenyewe, mbele ya kuuliza mashine ya simu. Ndugu wenye walikimbia mara mbili, mara tatu wanajua: siku ya kukimbia ubao unabaki, lakini daftari inaingia kwenye kitenge pamoja na nguo.

Pili, mwalimu mwenye kukaa. Saa moja kila siku ni bora kuliko sherehe moja kwa mwaka. Aanzie mwisho wa muchezo: mufalme na askari mumoja mbele ya mufalme peke yake. Ni kazi isiyopendeza kwenye foto, lakini hapo ndipo akili inajengwa. Kete zikikosa, tuchore juu ya vizibo vya chupa, kama vile tunafanya kwa dame.

Tatu, mashindano yenye kuandikwa na FIDE. Feza ya gari na ya mafulana ingeweza kuleta mwamuzi, saa za mechi na wachezaji wenye alama. Bila hiyo, mutoto anaweza kushinda kartiye nzima na dunia isijue jina lake.

Najua mama mumoja atasema: sina unga, nitafanya nini na sataranji? Ana haki. Unga kwanza, dawa kwanza. Ubao haulipi deni ya chakula, na asiyeleta chakula asijifiche nyuma ya ubao. Lakini mama, mutoto wako akiomba saa moja na daftari, usimufukuze. Hata asipofikia 2500, na wengi hawatafikia, atakuwa amejifunza kukaa, kufikiri mbele ya kutenda, na kukubali kosa lake. Wakubwa wa inchi hii wangejifunza hayo, pengine hatungekuwa tunahama.

Na ninyi wa gari: murudie pale mulipoacha zile mbao. Yule mutoto angali anawangojea. Safari hii muache kamera nyumbani, mulete daftari.