Mtoto Hangoji Umalize Kulipa SHA

Wasee, kuna komenti moja nimeisoma mpaka nimechoka: "Miezi tisa yote ulikuwa unafanya nini? Si ungejipanga?" Kila msichana akisema alidaiwa pesa alipoenda kujifungua, lazima mtu atokee na hiyo hekima yake. Leo wacha niijibu.

Binamu yangu ana miaka 20. Anauza smoki na mayai hapa mtaani, Eastlands. Kliniki hakukosa hata siku moja, kitabu chake kimejaa mihuri. Begi lilikuwa tayari wiki tatu mapema: leso, nepi, pamba, beseni. Kama huko si kujipanga, basi sijui kujipanga ni nini.

Uchungu ukaanza saa nane usiku. Jirani mwenye Probox akatupeleka hospitali ya umma, jina sitaji. Swali la kwanza pale dirishani halikuwa maumivu yameanza saa ngapi. Lilikuwa: "SHA imelipwa?"

Amesajiliwa, ndiyo. Kulipa, bado. Na hapa ndipo wengi hamjui mambo yanavyoenda. Ukiwa wa jua kali, hulipi ya mwezi huu pekee ndio utibiwe. Unadaiwa ya mwaka mzima. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Lakini kuna yale maswali ya kwenye simu, ati ukuta wa nyumba ni wa nini, choo ni cha aina gani, halafu mfumo unakukadiria. Yeye alikadiriwa 500 kwa mwezi, 6,000 kwa mwaka, nadhani kwa sababu anaishi nyumba ya mawe. Manze, nyumba yenyewe ni chumba kimoja cha kupanga!

Basi nikasimama kwa korido saa tisa usiku nikiamsha watu. Shangazi akatuma 1,000. Mwenye Probox akanikopesha 1,500. Binamu ameshika ukuta, jasho linamtoka, mimi nahesabu salio la M-Pesa. Sista mmoja alimwona akamvuta ndani kabla hata pesa hazijatimia. Yeye simlaumu, na hata yule wa dirishani simlaumu sana. Sheria ya dirisha hakuitunga yeye.

Mbona kliniki hakudaiwa hata bob, halafu siku ya kujifungua akadaiwa 6,000? Kwa sababu huduma za msingi kwenye zahanati zinatoka kwa mfuko unaolipwa na serikali. Kujifungua kumewekwa kwa mfuko mwingine, ule wa michango. Hukuchanga, hauko. Kwa hivyo msichana anapita miezi tisa akidhani mambo ni sawa, kumbe mlango aliokuwa akiingilia si ule atakaojifungulia. Hiyo ndiyo miezi tisa mnayouliza.

Na haikuwa hivi. Juni 1, 2013, Uhuru Kenyatta alitangaza kujifungua bure katika hospitali za umma. Mwaka 2016 ikaja Linda Mama chini ya NHIF. Ilikuwa na shida zake, msinielewe vibaya. Hospitali zilicheleweshewa malipo, watu wakatumwa glavu kwa duka la dawa. Lakini hakuna aliyemwambia mama mwenye uchungu alipe kwanza bima ya mwaka. Oktoba 2024 SHA ikaanza, Linda Mama ikageuzwa Linda Jamii, na tukaambiwa sasa ni bora zaidi: 10,000 kwa kujifungua kawaida, 30,000 kwa upasuaji. Sawa, pesa zimeongezeka. Ila zinaenda kwa aliyelipa, na aliyekuwa akihitaji Linda Mama zaidi ndiye huyo asiye na 6,000 kwa mpigo.

Najua mtasema bima lazima ichangiwe. Kwa magoti ya babu yako, labda. Lakini Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 5, inazitaka serikali kuu na za kaunti zihakikishe huduma za uzazi ni za bure, pamoja na chanjo za watoto chini ya miaka mitano. Bure. Haisemi bure kwa aliyemaliza kulipa. (Kuhusu chanjo tusiongee sana, mwaka 2025 BCG na polio ziliadimika, mama anarudi nyumbani na mtoto bila sindano.)

Ninachotaka si kikubwa. Kujifungua kutolewe kwa mfuko wa michango, kuwekwe kule kliniki iko, kulipwe na kodi. Mbunge wako anaweza kuulizwa hili, na kura yako anaitaka.

Mtoto alizaliwa saa kumi na moja alfajiri, mzima. Mwenye Probox bado tunamdai wema na yeye anatudai 700.