Kisanga si Kiluba kilichoharibika

Taja Kisanga hapa Buluo, Likasi, hukosi mtu wa kukukatiza: "Hiyo si lugha, ni Kiluba kilichoharibika." Wasemao hivyo ni watu wa shule, tena baadhi yao ni Wasanga wenyewe.

Hoja yao ni moja tu, kwamba maneno yanafanana. Sawa, yanafanana. Kizulu na Kixhosa navyo vinafanana, na sijasikia mtu akifuta kimojawapo. Mwanaisimu Malcolm Guthrie alipopanga lugha za Kibantu mwaka 1948 aliviweka Kiluba na Kisanga kundi moja, ila kila kimoja kikapata namba yake: Kiluba cha Katanga L.33, Kisanga L.35. Hata kabla yake, mwaka 1937, padri Mbenedikto Hadelin Roland alikuwa ameshatoa sarufi nzima ya Kisanga. Nani huandika sarufi ya makosa?

Tena tazameni Bunkeya, makao ya mfalme Msiri. Yeye na Wayeke wake walitoka Usumbwa, katika Tanzania ya leo, wakawatawala Wasanga mpaka Wasanga wakaasi, naye Msiri akauawa Desemba 1891. Leo wajukuu wa Wayeke nyumbani kwao wanasema nini? Kisanga. Watawala walikuja na lugha yao, wakaishia kusema ya raia wao.

Kinachoniudhi zaidi ni unafiki wetu. Kiswahili chetu cha Likasi kilikomaa katika kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière, kati ya watu walioletwa kutoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini. Mtu wa Dar es Salaam akitusikia tukisema "niko nakula bukari", yaani ugali, hucheka, nasi tunanuna. Halafu tunamcheka mama auzaye makaa kando ya barabara: anapatana bei na dereva kwa Kiswahili, anamgeukia binti yake na kumwambia kwa Kisanga afunge gunia, nasi tunamwita mshamba. Mama huyo ana lugha mbili barabarani. Wengi wanaomcheka wana moja na nusu, ukihesabu Kifaransa chao.

Katiba ya mwaka 2006, ibara ya kwanza, inataja lugha nne za taifa, kisha inasema lugha nyingine zote ni urithi wa utamaduni wa Kongo na Serikali inawajibika kuzilinda. Haikuandika "isipokuwa zinazofanana na jirani". Basi mzazi wa Buluo, mtoto akikuuliza bibi yake anasema lugha gani, usimwambie Kiluba. Mwambie Kisanga, kisha umpeleke kwa bibi akajifunze.