Nani Anamlisha Mwanafunzi wa VETA?

Kwa miaka mingi ada ya kozi ndefu katika vyuo vya ufundi stadi vya VETA imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na shilingi 120,000 kwa wa bweni. Msimu ukiwa mzuri na bei ikiwa ya haki, gunia moja la mahindi linaweza kumlipia mtoto ada ya kutwa. Ndiyo maana kila linapozuka suala la kuwasaidia kifedha wanafunzi wa vyuo vya ufundi, jibu huwa jepesi: ada yenyewe ni ndogo, wanataka nini tena?

Wanataka kula. Soma barua ya kujiunga na chuo hadi mwisho na utaona kwamba ada ndiyo mzigo mwepesi kuliko yote iliyoandikwa humo. Kuna ovaroli na viatu vya kazi. Kuna zana za fani: anayesomea umeme anahitaji koleo, bisibisi na testa, anayesomea ushonaji anahitaji mkasi na futi, fundi uashi anahitaji mwiko, timazi na pima maji. Kuna godoro, bima ya afya na nauli ya kufika huko chuo kiliko. Bweni likijaa, mwanafunzi anatafuta geto mtaani, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Hayo ni ya siku ya kwanza tu. Baada ya hapo kuna kula kila siku, kisha kuna kwenda fildi, yaani miezi ya mafunzo kwa vitendo kwenye karakana au kampuni ya watu, ambako mara nyingi mwanafunzi hujilipia nauli na chakula huku akifanya kazi bila ujira.

Hapo ndipo wengi wanapokatikia njiani. Kijana hasemi nimeacha chuo. Anasema ameenda kutafuta hela kidogo kwenye bodaboda au saiti ya ujenzi, atarudi muhula ujao. Muhula ujao unafika, bado hajarudi. Serikali ilikwisha kumlipa mwalimu, ikanunua mashine na kujenga karakana, na vyote hivyo vimepotea juu ya kijana huyo kwa sababu ya sahani ya ugali na maharage. Naamini huu ndio upungufu mkubwa kuliko wote katika namna Tanzania inavyosaidia wanafunzi wake: tumeshughulikia ada, tukamsahau mwanafunzi mwenyewe.

Tazama ngazi jinsi zilivyopangwa. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne haina ada. Mwaka 2022 ada ikaondolewa kidato cha tano na cha sita. Anayevuka hapo na kuingia chuo kikuu anakuta Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Bodi hiyo leo inasimamia bajeti iliyovuka shilingi bilioni 700 kwa mwaka. Fedha ya chakula na malazi, ile ambayo wanafunzi wenyewe huiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Si kila mwanafunzi wa shahada anapewa mkopo, na si kila anayepewa anapata wote. Lakini anayepata bumu kamili anashika shilingi 300,000 kwa mwezi. Hiyo ni mara mbili na nusu ya ada ya mwaka mzima ya mwanafunzi wa bweni VETA, ambaye kwa upande wa fedha ya kujikimu Bodi haimjui kabisa.

Sisemi aliye chuo kikuu anapewa kingi. Shilingi 10,000 Dar es Salaam si anasa, na waliopigania nyongeza ile walikuwa na haki. Ninachouliza ni nani hasa anakwenda VETA. Kwa sehemu kubwa ni mtoto ambaye alama zake hazikutosha kidato cha tano, mara nyingi kwa sababu shule yake ya kata haikuwa na mwalimu wa hisabati. Au ni yule ambaye nyumbani hawawezi kusubiri miaka mitano au sita ndipo aanze kuleta chochote. Ni watoto wa wakulima wadogo, wa mama ntilie, wa wavuvi. Fedha ya umma ya kujikimu imepanda juu kwa walioweza kupanda, na waliobaki chini wameambiwa ada yao ni ndogo.

Mwaka wa masomo 2023/24 ulileta hatua mbili zinazostahili pongezi za dhati. Serikali ilifuta ada kwa wanafunzi wanaochaguliwa kujiunga na vyuo vya ufundi vya DIT, MUST na Chuo cha Ufundi Arusha, na Bodi ya Mikopo ikaanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada wa fani za kipaumbele: afya na sayansi shirikishi, ualimu wa sayansi na ufundi, usafirishaji, nishati, madini na sayansi ya ardhi, kilimo na mifugo. Kwa mzazi mwenye mtoto chuo cha afya, ambako ada pekee huvuka milioni moja kwa mwaka, ule ulikuwa ukombozi. Mlango uliokuwa umefungwa kwa vyuo vya kati ulifunguliwa.

Ulifunguliwa nusu. Wa stashahada anaingia, wa astashahada na wa VETA wanabaki nje. Wa fani ya kipaumbele anaingia, wa maendeleo ya jamii, uhasibu au ukutubi anabaki nje hata kama ni yatima asiye na mtu. Naielewa hoja ya vipaumbele: fedha haitoshi, na nchi inahitaji matabibu na mafundi wa reli kuliko inavyohitaji makarani. Kama lengo ni kupanga nguvukazi ya taifa, hoja hiyo ina uzito. Ila msaada kwa wanafunzi una kazi nyingine pia, nayo ni kuhakikisha umaskini wa mzazi hauamui mtoto asome hadi wapi. Fani inaweza kuamua ukubwa wa mkopo. Isiamue kama mtoto maskini atapata chochote.

Kuna pia njia ya kuufikia mkopo wenyewe. Maombi yanafanyika kwa mtandao, ada ya maombi ikiwa shilingi 30,000. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na wakala wa usajili, RITA. Aliyefiwa na mzazi alete cheti cha kifo, nacho kimehakikiwa. Mlemavu alete fomu iliyosainiwa na mganga, wa kaya inayosaidiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, alete namba ya kaya. Mdhamini asaini, serikali ya mtaa au kijiji igonge muhuri, nakala zipigwe picha na kupakiwa kwenye mfumo kabla dirisha halijafungwa. Kila sharti kati ya hayo lina sababu yake, kwa kuwa fedha ya umma haiwezi kugawiwa kwa maneno matupu. Lakini fikiria kijana wa kijiji cha ndani kule Liwale au Kakonko ambaye baba yake alifariki nyumbani akazikwa nyumbani, na hakuna aliyekwenda kuandikisha kifo kwa sababu hakukuwa na urithi wa kugombania. Huyo ndiye yatima ambaye mfumo umewekwa kumwona, na ndiye asiyeweza kuuthibitishia uyatima wake. Mtoto wa mtumishi wa wilayani, ambaye baba yake anajua ofisi ipi ina muhuri upi, anamaliza maombi kwa siku mbili.

Dawa ya hili haihitaji fedha nyingi. TASAF tayari ina orodha ya kaya maskini, iliyohakikiwa na mikutano ya vijiji. Mtoto aliyetoka katika kaya hiyo angetambuliwa moja kwa moja anapochaguliwa kwenda chuo, bila kulipa shilingi 30,000 na bila kubeba bahasha kutoka ofisi hadi ofisi. Serikali haina sababu ya kumtaka athibitishe mara ya pili umaskini ambao yenyewe imekwisha kuuandika.

Swali la fedha zitoke wapi ni la haki, na jibu lake limekuwepo muda mrefu. Waajiri nchini hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, inayojulikana kama SDL, kwa kukokotoa asilimia ya mishahara ya wafanyakazi wao. Ilikuwa asilimia 6, ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi kufikia 3.5 mwaka 2023. Jina lake linaeleza ilikusudiwa nini. Hata hivyo, kwa miaka mingi VETA imepewa theluthi moja tu ya makusanyo hayo. Theluthi mbili zilibaki Hazina, na sehemu kubwa ikaelekezwa kwenye mikopo ya vyuo vikuu. Waajiri wamelilalamikia jambo hili mara nyingi, wakitaka tozo irudi kwenye mafunzo ya ufundi, na katika hili nipo upande wao. Kiwanda kinalipa ili kipate fundi wa kulehemu, na fedha inakwenda kumlisha mwanafunzi wa shahada, naye fundi mtarajiwa wa kulehemu ameacha chuo kwa kukosa chakula.

Tufanye hesabu. Shilingi 3,000 kwa kila siku ya masomo, kwa siku 200 za mwaka, ni shilingi 600,000 kwa mwanafunzi mmoja. Ukiwapa vijana 50,000 walio maskini kuliko wengine katika vyuo vya VETA na vyuo vya maendeleo ya wananchi, unahitaji shilingi bilioni 30. Kiasi hicho ni chini ya asilimia 5 ya bajeti ya mikopo ya elimu ya juu. Shilingi 3,000 haimtajirishi mtu, ila inampa mlo wa mchana na nauli ya daladala, na inamwondolea sababu ya kukimbilia saiti katikati ya wiki.

Iwe ruzuku, isiwe mkopo. Hapa natofautiana na wenzangu wanaotaka Bodi ya Mikopo iteremke hadi VETA kama ilivyo. Sheria ya urejeshaji ilivyorekebishwa mwaka 2016 inamkata mwajiriwa asilimia 15 ya mshahara, na aliyejiajiri anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato chake au angalau shilingi 100,000 kwa mwezi. Serikali imekwisha kuondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani na adhabu ya asilimia 10, na hilo limewapa wadaiwa nafuu kubwa. Lakini fundi pikipiki aliyefungua banda lake Kahama hana mshahara wa kukatwa. Mwezi mmoja anaingiza laki tatu, mwezi unaofuata mvua inanyesha na haingizi hata laki. Shilingi 100,000 kwake si marejesho, ni kufunga banda. Kumkopesha kijana wa miaka 17 fedha ya kula, kisha kumdai kwa kanuni zilizotungwa kwa ajili ya wenye ajira rasmi, ni kumwanzishia maisha na deni asiloliweza.

Uingereza ilijaribu njia ya ruzuku. Kuanzia mwaka 2004 vijana wa miaka 16 hadi 19 kutoka familia za kipato cha chini waliobaki shuleni au vyuoni walipewa paundi 10, 20 au 30 kwa wiki kulingana na kipato cha wazazi, kwa sharti la kuhudhuria. Taasisi ya utafiti wa fedha za umma ya huko, IFS, ilikuta kwamba mpango huo uliongeza kiwango cha waliobaki masomoni kwa takriban pointi nne za asilimia. England iliufuta mwaka 2011 ili kubana matumizi. Wales, Scotland na Ireland Kaskazini ziliendelea nao. Ninachokichukua hapo ni lile sharti la mahudhurio, kwa sababu linajibu hofu ya wanaodhani ruzuku ni fedha ya bure. Daftari la mahudhurio lipo katika kila chuo, na simu ya mkononi inaweza kumpelekea mwanafunzi fedha yake kila wiki bila kupita mikononi mwa mtu.

Kenya nayo ina la kutufunza, zuri na baya. Mwaka 2018 iliweka ada moja kwa vyuo vya ufundi vya umma, shilingi za Kenya 56,420 kwa mwaka. Serikali ikabeba 30,000, na kwa 26,420 zilizobaki mwanafunzi akaweza kukopa kutoka bodi ya mikopo ya huko, HELB. Vyuo vilivyokuwa vitupu vikajaa. Baadaye fedha ya serikali ikaanza kuchelewa, wakuu wa vyuo wakabaki na madarasa yaliyofurika bila fedha ya kununulia hata vifaa vya karakana. Ruzuku inayochelewa miezi mitatu haimsaidii mwenye njaa leo, na hilo lisipowekwa ndani ya sheria tangu mwanzo tutarudia yaleyale.

Wapo watakaosema tumalize kwanza majengo. Serikali imekuwa ikijenga vyuo vya VETA katika wilaya 64 ambazo hazikuwa navyo, kazi kubwa na nzuri. Lakini chuo cha wilaya kitajaa vijana wa wilaya hiyo, wengi wakitembea kwa miguu kutoka vijijini au wakipanga vyumba karibu. Kadiri chuo kinavyomsogelea maskini, ndivyo swali la chakula na malazi linavyozidi kuwa zito.

Bunge la Bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Mbunge ambaye jimboni kwake kuna chuo cha VETA au cha maendeleo ya wananchi amuulize Waziri wa Fedha maswali mawili: kiasi gani cha SDL kilikusanywa mwaka huu, na kiasi gani kati yake kimemfikia mwanafunzi wa ufundi. Wewe mzazi, umuulize mbunge wako kama ameuliza.